Masomo saba, manane, tisa au kumi: ulinganisho kwa anayeingia Kidato cha Tatu huku akikitazama chuo kikuu

Kwa mwanafunzi wa Tanzania anayetaka kufika chuo kikuu, idadi ya masomo haiamuliwi Kidato cha Sita. Huko mlango umekwisha kufungwa: tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita, ina masomo matatu, na yale ya nyongeza yanayoambatana nayo hayaingii katika hesabu ya daraja. Uamuzi wenyewe hufanyika zaidi ya miaka mitatu kabla ya hapo, mwanzoni mwa Kidato cha Tatu, pale mtoto wa miaka 15 au 16 anapopewa karatasi na mwalimu wa taaluma na kuambiwa aweke vema kwenye masomo atakayoendelea nayo na kuirudisha kabla ya Ijumaa. Nimezigawa karatasi hizo kwa miaka kadhaa, na nimeona kuwa wengi huzijaza kwa kumtazama rafiki aliyekaa dawati la pembeni.

Kwa mtaala ambao wengi wameupitia, masomo ya lazima ni saba: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Baraza la Mitihani linamtaka mtahiniwa wa shule asajiliwe kwa masomo yasiyopungua saba na yasiyozidi kumi, kwa hiyo kinachoamuliwa ni nafasi tatu tu za juu: ziachwe wazi, zijazwe zote, au ijazwe moja au mbili. Wanafunzi wanaosoma chini ya mtaala ulioboreshwa, wenye masomo mapya kama Historia ya Tanzania na Maadili, wana orodha yao ya lazima, na hao waanze kwa kumuuliza mwalimu wao wa taaluma ni lipi la lazima na lipi la hiari kabla ya kuyapima yanayofuata hapa.

Hesabu ya daraja ilivyo

Kabla ya kulinganisha, ni lazima kuelewa jambo moja ambalo wazazi wengi, hata baadhi ya walimu, hulieleza kinyume. Daraja la Kidato cha Nne hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Somo la nane, la tisa na la kumi likienda vibaya, linaachwa nje ya hesabu. Likienda vizuri, linaingia na kulisukuma nje lile lililoharibika. Kwa hiyo kauli kwamba “masomo mengi yanashusha divisheni” si ya kweli kama inavyosemwa. Alama ya somo la ziada haiwezi kushusha daraja. Kinachoweza kulishusha ni saa ambazo somo hilo limezila kwa masomo mengine, na hilo ni suala tofauti linalohitaji kupimwa kwa namna yake.

Tuchukue mtahiniwa wa kufikirika, wa aina tunayemwona kila darasa. Ana B ya Historia na ya Kiswahili, C ya Uraia, Jiografia na Kiingereza, D ya Baiolojia na F ya Hisabati. Akiwa na masomo saba pekee, yote yanahesabiwa, F ikiwemo, na jumla yake ni 22: daraja la tatu. Mpe mtahiniwa huyohuyo somo la nane, Kemia, na umpe D tu, alama ambayo hakuna anayejivunia. F ya Hisabati inatoka, D inaingia, jumla inakuwa 21, naye yuko daraja la pili. Akipata C ya Kemia anafika 20. Sasa mwongezee la tisa, Fizikia, nalo alipate D: jumla inabaki 20, kwa sababu D hiyo inapambana na D ya Baiolojia na hakuna mshindi. Somo la tisa halikumwongezea kitu katika daraja. Limemfanyia kazi nyingine, ambayo nitaifikia.

Mfano huu una uzito kwa sababu ya Hisabati. Kwa miaka mingi hilo ndilo somo la lazima ambalo watahiniwa wengi huanguka, na anayesajiliwa kwa masomo saba hana pa kulificha. Majirani zetu wa Kenya wako katika hali tofauti: tangu KCSE ya 2023, mtihani wao wa kumaliza sekondari, wastani wao wa masomo saba unalazimika kuwa na Hisabati na lugha moja, kisha matano bora mengine, kwa hiyo hata aliye na masomo tisa haikwepi Hisabati yake. Sheria yetu ni ya huruma zaidi, lakini huruma hiyo anaipata tu mwenye somo la akiba.

Saba: wepesi wenye gharama

Anayebaki na masomo saba anapata kitu ambacho si kidogo, nacho ni muda. Fizikia na Kemia kwa kawaida huchukua vipindi vitatu au vinne kila moja kwa wiki, vya dakika 40, yaani kati ya saa nne na saa tano na ushei za darasani kwa masomo yote mawili, bila kuhesabu kazi ya jioni. Wakati wa mtihani wa Novemba, mwenye masomo saba anafanya karatasi nane, kwa kuwa Baiolojia ina karatasi ya vitendo. Mwenye tisa zenye Fizikia na Kemia anafanya kumi na mbili. Kwa mwanafunzi anayesoma taratibu, anayetembea kilomita nyingi kwenda shule au anayesaidia kazi za nyumbani hadi usiku, tofauti hiyo ni kubwa.

Tena, si kweli kwamba masomo saba yanafunga njia ya chuo kikuu. Tahasusi za HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) zote zinajengwa juu ya masomo ya lazima. Hata EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), ambayo wengi hudhani ni ya “watu wa sayansi”, inahitaji Jiografia na Hisabati nzuri, kwa sababu Uchumi huanzwa upya Kidato cha Tano. Mwanafunzi mwenye Hisabati imara asiyependa maabara anaweza kubaki na masomo saba na kufika shahada ya uchumi, takwimu au fedha bila kugusa bureti, ule mrija wa maabara wa kupimia kimiminika.

Lakini zingatia masharti ya kuingia Kidato cha Tano: C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, na jumla ya pointi za masomo saba isiyozidi 25. Mwenye saba akiharibu Hisabati na Baiolojia, amebakiwa na matano ya kumbeba na hana hata moja la ziada la kumwokoa siku alipougua malaria kwenye karatasi ya Jiografia. Kwa maoni yangu, masomo saba ni chaguo zuri kwa watu wa aina mbili tu: aliyekwisha kuamua kwa dhati kwenda kwenye lugha na sayansi ya jamii, na yule ambaye matokeo yake ya Upimaji wa Kidato cha Pili yanaonyesha kuwa hata hayo saba yanamlemea.

Nane: chaguo linalosahaulika

Sijui kwa nini masomo manane hayazungumzwi sana. Labda ni kwa sababu ratiba za shule nyingi huunganisha Fizikia na Kemia kama pacha upande mmoja, na Biashara na Bukikipingi (utunzaji wa vitabu vya hesabu) upande wa pili, kwa hiyo mwanafunzi huambiwa achukue yote mawili au aache yote. Shule inayoruhusu moja pekee inampa mwanafunzi nafasi ya thamani.

Somo la nane likiwa Kemia, linafungua CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, ambayo ni njia ya kawaida ya kuelekea kilimo, misitu na mazingira, pamoja na ualimu wa masomo hayo. Likiwa Fasihi ya Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu, linaimarisha upande wa lugha. Na orodha ya tahasusi ilipopanuliwa mwaka 2024 kufikia 65, masomo ambayo zamani yalionekana ya pembeni yalipata pa kwenda. Kwa hesabu ya daraja, tumekwisha kuona kwamba nafasi ya kwanza ya akiba ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mwanafunzi wa kawaida, mwenye Hisabati ya kuyumba na asiyeota udaktari wala uhandisi, ningemshauri masomo manane bila kusita.

Tisa: milango inayofunguliwa na Fizikia na Kemia

Hapa ndipo penye uzito wa suala lenyewe, kwa sababu masomo tisa hayachukuliwi kwa ajili ya daraja. Huchukuliwa kwa ajili ya milango. PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) haziingiliki bila Fizikia, na mbili za kwanza haziingiliki bila Kemia pia. Vyuo vikuu vinataka, kwa uchache, ufaulu wa masomo makuu mawili ya Kidato cha Sita, yaani prinsipo mbili, wenye jumla ya pointi 4 kwa kipimo ambacho A ni 5 na E ni 1. Hicho ni kizingiti cha chini tu. Kila shahada huongeza yake, na shahada ya udaktari wa binadamu inataka prinsipo katika Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Aliyeacha Fizikia akiwa na miaka 15 amekwisha kulijibu ombi hilo kwa hapana, hata kama hakuwa na habari.

Wengi hudhani kuna njia ya nyuma: kwenda chuo cha kati baada ya Kidato cha Nne, kuchukua stashahada, kisha kupanda shahada. Njia hiyo ipo na ni ya heshima, lakini nayo inamdai mtu Fizikia yake. Stashahada ya utabibu inataka ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Aliyemaliza stashahada hiyo akataka kuingia shahada ya udaktari bado huulizwa D za Kidato cha Nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Tazama neno lenyewe: D. Alama ambayo darasani huchekwa ndiyo inayotofautisha aliye na njia na asiye nayo, miaka sita au saba baadaye. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayeweza kupata D ya Fizikia kwa juhudi za kawaida, na ambaye moyoni ana hata robo ya wazo la kufanya kazi ya afya, ningemshauri achukue tisa.

Upande mwingine wa mizani ni huu. Kwa anayelenga PCB ya serikali, D ya Fizikia ni alama dhaifu. Na D hiyo inaweza kupatikana kwa bei mbaya. Rudi kwa mtahiniwa wetu mwenye pointi 22. Tuseme ameongeza Fizikia na Kemia, amepata F zote mbili, na jioni alizokesha na fomula zimemshusha hatua moja katika Historia, Jiografia na Kiingereza. Jumla yake ni 25, kwenye ukingo wa daraja la tatu. Na akishuka hatua moja zaidi popote, ni 26, daraja la nne, na Kidato cha Tano hakipo. F zile mbili hazikuhesabiwa, lakini zimekwisha kufanya kazi yao.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuchukua tisa halihusu akili ya mtoto pekee, linahusu shule. Uhaba wa walimu wa sayansi na Hisabati haujaisha nchini. Nimewahi kufundisha mahali ambapo kidato kizima kiliandikishwa Fizikia na kukaa miezi saba bila mwalimu, kisha akaja kijana wa kujitolea aliyefundisha mada za mwaka mzima kwa wiki tisa. Nimeona pia wanafunzi wanne wakishikilia bureti moja wiki mbili kabla ya mtihani wa vitendo, mmoja akifungua koki, mmoja akisoma kipimo, wawili wakinakili, na tone lililobadilisha rangi ya kimiminika likapita bila mtu kuliona. Mzazi hana haja ya kwenda kuuliza ofisini, ambako ataambiwa kwamba kila kitu kipo. Afungue daftari la Fizikia la mwanafunzi aliyetangulia mwaka mmoja katika shule hiyohiyo, aangalie tarehe zilizoandikwa pembeni. Zikiruka kutoka Machi hadi Septemba, amepata jibu lake.

Tisa za biashara zina mantiki tofauti kidogo. Biashara na Bukikipingi hazihitaji maabara, vitabu vyake vinapatikana, na mwanafunzi makini anaweza kujisomea sehemu kubwa peke yake. Nazo ndizo ngazi ya kwenda ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu. Katika shule ambayo maabara ni chumba chenye makabati matupu, tisa za namna hii ni salama kuliko tisa za sayansi, ijapokuwa milango zinayofungua ni michache na hakuna hata mmoja wa hospitali.

Kumi: kwa nani?

Juu ya kumi sina mengi. Somo la kumi haliongezi karibu chochote katika daraja kwa aliye na tisa zinazokwenda vizuri, na mara chache linafungua tahasusi ambayo tisa hazikuifungua. Lina maana pale tu ambapo halimgharimu mwanafunzi. Mtoto aliyepitia madrasa tangu ana miaka mitano anaweza kufanya Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa maandalizi ya mwezi mmoja, kama vile aliyelelewa seminari anavyoweza kufanya Maarifa ya Biblia. Huyo anapata akiba ya bure katika pointi saba bora. Akumbuke tu kwamba masomo ya dini hayahesabiwi katika zile D nne zinazodaiwa na vyuo vya afya. Mwenye kipaji cha Hisabati anayetaka Hisabati ya Ziada kwa ajili ya kujiandaa na PCM pia simzuii, mradi awe na mwalimu. Wengine waiache nafasi hiyo wazi.

Kuacha ni rahisi, kuongeza ni kazi

Kama baada ya haya yote mtu bado yuko njia panda kati ya nane na tisa, au saba na nane, kuna tofauti moja ambayo kwangu huamua. Somo lililochukuliwa Januari ya Kidato cha Tatu linaweza kuachwa baadaye, kabla usajili wa Baraza haujafungwa, na hasara ni miezi kadhaa ya vipindi. Somo lililoachwa Januari ile haliongezeki kirahisi. Aliyelikosa hulazimika kuja kulifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa ada yake mwenyewe, na kwa Fizikia na Kemia hulazimika pia kutafuta kituo chenye maabara kitakachomkubali, akiwa mtu mzima mwenye kazi na pengine mtoto. Wapo wanaofanikiwa. Wengi zaidi huishia kununua vitabu.

Kwa hiyo njia panda hiyo ningeipita kwa kuanza na idadi ya juu kati ya hizo mbili na kuweka siku ya kuhukumu. Siku nzuri ni mtihani wa mwisho wa Kidato cha Tatu, na kipimo kisiwe alama ya somo lenyewe pekee. Weka matokeo ya Kidato cha Pili na ya Kidato cha Tatu pamoja juu ya meza, funika safu ya somo linalotiliwa shaka kwa kipande cha karatasi, na usome yaliyobaki. Kama Historia, Jiografia na Kiswahili zimesimama palepale au zimepanda, somo lile halijamla mtoto hata kama limeleta D, na liachwe liendelee. Kama masomo mawili au matatu yaliyokuwa C yamekuwa D ndani ya mwaka huo mmoja, liondolewe Januari inayofuata, na barua ya kuomba liondolewe aiandike mwanafunzi mwenyewe, mzazi aweke saini chini yake, ili ofisi ya taaluma isiseme baadaye kwamba ilikuwa ni hasira ya siku moja.